Seva Ndogo Ndani ya Kompyuta ya Fundi

Jumapili, tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano ipitayo chini ya bahari, yaani EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Kwa siku kadhaa huduma ya intaneti ilizorota katika Tanzania, Kenya na baadhi ya nchi jirani. Fundi wa programu aliyezoea kujaribu kila sehemu ya kazi yake katika seva iliyo ng'ambo alilazimika kungoja. Lakini yule aliyekuwa na seva ndogo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, awe mjini Dar es Salaam au katika kata ya Janga wilayani Kibaha, aliweza kuendelea na kazi. Makala haya yanaeleza seva hiyo ni kitu gani, hufanyaje kazi, na wapi yapasa kuwa na hadhari.

Maana ya seva

Watu wengi wasikiapo neno seva hufikiria mashine kubwa iliyofungiwa katika chumba chenye ubaridi. Kwa kweli seva ni programu tu. Kazi yake ni kungoja maombi, kuyasoma, na kutoa jibu, kama mwuza duka anayengoja nyuma ya kaunta. Kivinjari ndicho mteja: huomba ukurasa, nayo seva huutoa. Hakuna kanuni isemayo kwamba mwuzaji na mteja lazima wawe katika mashine mbili.

Jambo hili si geni. Tim Berners-Lee alipobuni wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, seva ya kwanza, iliyofanya kazi mwishoni mwa mwaka 1990, ilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani aina ya NeXT, ile ile aliyoitumia kuandikia programu zake. Juu yake alibandika karatasi ya kuwaonya watu wasiizime.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini fundi asifungue tu faili lake kwa kulibofya? Akifanya hivyo, kivinjari hulisoma faili moja kwa moja kutoka katika diski, bila seva kuhusika. Ukurasa wa maandishi matupu utaonekana vizuri. Lakini fomu iliyojazwa haitakuwa na wa kuipokea, na maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya PHP hayatatekelezwa, kwa kuwa mtekelezaji wake yuko upande wa seva.

Anwani na mlango

Kila kompyuta inayotumia kanuni za intaneti hujitambua yenyewe kwa anwani 127.0.0.1, ambayo huitwa pia localhost. Ombi lililopelekwa kwenye anwani hiyo halitoki nje ya mashine. Linageuzwa ndani kwa ndani na kurudi kwa programu inayongoja. Ndiyo sababu kukatika kwa mkongo baharini hakulizuii, wala halitumii hata chembe ya bando.

Pamoja na anwani hutakiwa namba ya mlango, kwani kompyuta moja yaweza kuwa na programu nyingi zinazongoja. Namba hizo hufika hadi 65535. Tovuti za kawaida hutumia mlango wa 80, na zile zenye usimbaji wa siri mlango wa 443. Katika mifumo ya jamii ya Unix, milango iliyo chini ya 1024 kwa desturi imehifadhiwa kwa msimamizi wa mashine. Kwa hiyo seva za majaribio hutumia milango kama 3000, 8000 au 8080.

Kuiwasha seva ya namna hii ni kazi ya mstari mmoja. Mwenye Python huingia katika folda ya kazi yake na kuandika: python3 -m http.server. Mwenye PHP, toleo la 5.4 la mwaka 2012 au la baadaye, huandika: php -S localhost:8000. Kisha hufungua kivinjari na kuandika http://localhost:8000.

Mfano wa zahanati

Tuseme kijana wa Janga anatengeneza daftari la chanjo za watoto kwa ajili ya zahanati. Hubadili mstari mmoja, hupakia ukurasa upya, na papo hapo huona alipokosea. Aweza kurudia jambo hilo mara mia kwa siku bila gharama ya mtandao. Hata hivyo, ikiwa ukurasa wake huita mwandiko au ramani kutoka tovuti ya mbali, sehemu hizo zitakosekana mtandao ukikatika. Yafaa aziweke ndani ya folda yake mapema.

Hatari huanza pale anapotaka kuuona ukurasa kwa simu. Ataiagiza seva isikilize katika anwani 0.0.0.0, maana yake ni kusikiliza maombi yajayo kwa njia zote za mashine. Hapo mtu yeyote aliye katika mtandao huo huo, na asiyezuiwa na kinga ya kompyuta, aweza kubisha hodi na kufunguliwa. Ikiwa ndani mna majina na maradhi ya watoto wa kweli, siri za watu zimewekwa hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamdai kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa sababu hiyo, majaribio yote hayana budi kufanywa kwa majina ya kubuni.

Mipaka yake

Seva ya majaribio haikuundwa kubeba umma. Ile ya PHP, kama haikupangwa vingine, hushughulikia ombi moja baada ya jingine, na watengenezaji wake wenyewe wanaonya isitumike katika mtandao wa hadhara. Watengenezaji wa Django wanatoa onyo kama hilo kwa seva yao.

Yako pia makosa yanayojificha. Windows kwa kawaida haitofautishi faili la Picha.jpg na picha.jpg, lakini Linux, inayoendesha seva nyingi za hadhara, huyatofautisha. Ukurasa uliokuwa kamili nyumbani hufika huko bila picha. Vilevile, fundi akisahau anwani 127.0.0.1 ndani ya kurasa zake, kompyuta ya kila mgeni itajitafuta yenyewe, na haitapata kitu.

Mwaka 1965 Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, katazo ambalo baadaye liliondolewa. Katika zama hizo, kujifunza kwa kujaribu na kukosea kulikuwa haki ya wachache waliofika penye mashine. Leo kompyuta moja ya mkononi, hata iliyokwisha kutumika, yaweza kuwa seva na mteja kwa pamoja. Walimu wa shule na vyuo wangefanya vema kuanzia hapo: mwanafunzi akosee kwanza ndani ya mashine yake, mahali ambapo kosa halimgharimu fedha wala halimdhuru mgonjwa, ndipo aipeleke kazi yake kwa umma.