Je, Wajua? Basi likiishiwa upepo hushika breki lenyewe

Basi kuukuu lililoundwa juu ya chesi ya lori likilala stendi ya Nyegezi, Mwanza, na alfajiri geji ya upepo isome sifuri, haling'oki: springi ndizo zinazoshika breki ya maegesho, upepo ndio unaoiachia. Fundi makini hutia kabari magurudumuni, hujaza mitungi ya upepo hadi kama bar 8, huzima injini na kutega sikio. Mshale ukishuka wenyewe, hupaka maji ya sabuni kwenye maungio ya paipu. Povu likifura, tundu ni hapo. Mshale ukiendelea kushuka pale tu pedali inapokuwa imekanyagwa, akague vali ya pedali na diaframu za breki. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo mitungi ikamuliwe maji kila siku, jamani. Kutu huitoboa kutokea ndani.