Kibali cha Kutumia Sumu: Kromi Mbele ya Sheria za Ulaya

Sheria nyingi za kemikali zimejengwa juu ya dhana kwamba bidhaa ni halali mpaka serikali ithibitishe madhara yake, na kwa kuwa uthibitisho huo huchukua miaka mingi, wafanyakazi huendelea kuvuta hewa yenye sumu huku wataalamu wakibishana. Umoja wa Ulaya uliamua kuigeuza dhana hiyo kwa kanuni iitwayo REACH, iliyopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika tarehe 1 Juni 2007, ambayo utekelezaji wake huratibiwa na Wakala wa Kemikali wa Ulaya wenye makao makuu Helsinki, nchini Finland. Kemikali zinazosababisha saratani, zinazoharibu jeni au uzazi, na zile zisizooza ambazo hujilimbikiza katika miili ya viumbe, zaweza kuingizwa katika orodha maalumu na kupangiwa tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo baada yake hakuna kiwanda kinachoruhusiwa kuzitumia bila kibali. Hapo mwombaji ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba anastahili, na mzigo huo ndio roho ya mfumo mzima.

Kemikali iliyoutikisa mfumo huu kuliko nyingine ni trioksidi ya kromi, chengachenga za rangi nyekundu iliyokoza ambazo zikitiwa majini huwa tindikali kali. Ndiyo inayotumika kutengeneza utando unaong'aa kwenye mabomba ya bafuni na vyuma vya pikipiki, na pia utando mnene na mgumu unaolinda fimbo za jeki za mitambo na miguu ya ndege zisilike upesi. Kifaa kinachopakwa hutumbukizwa katika tangi la tindikali hiyo, kisha umeme hupitishwa ili kromi igande juu yake. Lakini ni sehemu ndogo tu ya umeme huo inayogandisha kromi, na sehemu kubwa hutengeneza gesi ya haidrojeni, ambayo hupanda kwa mapovu mengi mno hadi juu ya tangi. Kila povu linapopasuka hurusha hewani matone madogo ya tindikali, na ukungu huo, usipofyonzwa na mitambo ya hewa, huingia katika mapafu ya anayesimama karibu akipandisha na kushusha vyuma.

Ndani ya ukungu huo kromi imo katika hali ambayo wanakemia huiita valensi sita, na hali hiyo ndiyo yenye sumu. Huchimba vidonda kwenye ngozi, huweza kutoboa ukuta unaotenganisha tundu za pua, na husababisha saratani ya mapafu. Ikishaganda juu ya chuma, kromi huwa metali ya kawaida isiyo na sumu hiyo, kwa hiyo anayenunua bomba hapati madhara yoyote kutokana na utando wake, na hatari yote humwangukia aliyelipaka. Kamati ya tathmini ya hatari ya Wakala ilikadiria mwaka 2013 kwamba mtu akivuta mikrogramu 1 ya kromi hiyo katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa muda wa miaka 40 ya kazi, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kwa watu 4 katika kila 1,000. Kikomo cha kisheria katika sehemu za kazi za Ulaya, tangu Januari 2025, ni mikrogramu 5, kiwango ambacho kwa hesabu hiyohiyo ni watu 20 katika kila 1,000. Kutimiza sheria, basi, si sawa na kuwa salama, na mfanyakazi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Kwa kuwa hakuna kiwango kinachojulikana ambacho chini yake kromi hii haina hatari, mwombaji wake hawezi kupita katika njia ya kwanza ya kibali, ile ya kuonyesha kwamba hatari imedhibitiwa ipasavyo. Hubaki njia ya pili, ambayo humtaka athibitishe mambo mawili kwa pamoja: kwamba faida kwa jamii na uchumi inazidi hatari inayosalia, na kwamba hakuna kemikali au mbinu mbadala inayofaa. Kamati mbili za Wakala, moja ya hatari na nyingine ya uchumi na jamii, huchunguza maombi na kutoa maoni, watu wengine hupewa nafasi ya kutaja njia mbadala wanazozijua, na uamuzi wa mwisho hutolewa na Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya. Kibali kinachotolewa huwa na muda wa mapitio.

Tarehe ya ukomo ya trioksidi ya kromi ilikuwa 21 Septemba 2017. Badala ya kila kiwanda kupeleka ombi lake, kundi la waagizaji na wasambazaji liliwasilisha ombi moja kubwa kwa niaba ya wateja wao wote, utaratibu ambao sheria inauruhusu, lakini ambao katika suala hili ulizaa udhaifu mkubwa: ombi lilihusu viwanda vingi mno vyenye matangi, mitambo ya hewa na desturi za kazi zinazotofautiana, wakati vipimo vya hewa vilivyoambatanishwa havikuviwakilisha vyote. Kamati ya hatari yenyewe ilieleza kwamba makadirio ya kiasi wanachovuta wafanyakazi yalikuwa na mashaka makubwa. Na kwa sababu aliyeomba ndani ya muda huruhusiwa kuendelea mpaka ajibiwe, matangi yaliendelea kutoa mapovu zaidi ya miaka mitatu baada ya tarehe ya ukomo. Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipinga rasimu ya uamuzi. Hata hivyo, Desemba 2020 Halmashauri ilitoa kibali, ikiwataka waombaji walete baadaye takwimu zilizokosekana.

Wakati huo kulikuwa tayari na onyo. Sweden ilikuwa imeshtaki kupinga kibali cha rangi za njano na nyekundu zenye risasi, ikieleza kwamba mbadala wake ulikuwa sokoni kwa miaka mingi, na mwaka 2019 mahakama ilikubaliana nayo: shaka inayobaki kuhusu njia mbadala baada ya uchunguzi ni hasara ya mwombaji. Rufaa ya Halmashauri ilitupwa Februari 2021. Mantiki hiyohiyo ndiyo iliyoiangusha sehemu kubwa ya kibali cha kromi, pale Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliposema tarehe 20 Aprili 2023, katika kesi iliyofunguliwa na Bunge, kwamba masharti ya kuleta takwimu baadaye hayawezi kuziba pengo la ushahidi uliotakiwa uwepo kabla ya kibali. Mahakama iliviachia viwanda mwaka mmoja wa kujipanga.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, ingawa matokeo yake hayakuwa mepesi, kwani maombi mengi mapya yalimiminika Helsinki na kuwaelemea wachunguzi. Mwaka 2025 Wakala, kwa ombi la Halmashauri, ulipendekeza kwamba kromi ya valensi sita iondolewe katika mfumo wa vibali na iwekewe katazo lenye vikomo vya kisheria kwa kila aina ya matumizi. Vikomo vinavyopimwa katika kila kiwanda vinaweza kumlinda mfanyakazi kuliko kibali cha jumla kinachobandikwa kwenye pipa, mradi viwekwe chini vya kutosha na wakaguzi wafike kuvipima. Lakini katika utaratibu wa makatazo, mamlaka ndiyo inayopaswa kuthibitisha hatari, na mzigo ambao waombaji walishindwa kuubeba mbele ya mahakama unarudi mabegani mwa serikali.