Kompyuta na Siri ya Mapigo ya Moyo

Aina ya kiharusi iliyoenea zaidi hutokea pale bonge la damu linapoziba mshipa wa ubongo. Mgonjwa akiisha kuokolewa, daktari hukabiliwa na swali zito: bonge lile lilitoka wapi? Chanzo kisipojulikana, kiharusi cha pili chaweza kuja kwa njia ile ile.

Mara nyingine chanzo ni moyo wenyewe. Katika hali ya afya, vyumba viwili vya juu vya moyo hujikaza kwa pamoja na kusukuma damu kwenda vyumba vya chini. Katika maradhi yaitwayo mpapatiko wa atiria, vyumba hivyo hutetemeka ovyo badala ya kujikaza. Damu hutuama humo kama maji ya dimbwi, na huweza kuganda. Hatari ya kiharusi huongezeka kwa kadiri ya mara tano.

Shida ni kwamba mpapatiko huja na kuondoka, na kipimo cha umeme wa moyo kwa kawaida huandika mapigo kwa sekunde 10 tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 441 waliopata kiharusi kisichojulikana chanzo waligawanywa mafungu mawili. Baada ya miezi 6, mpapatiko uligunduliwa kwa asilimia 8.9 ya waliowekewa chombo kidogo chini ya ngozi ya kifua, lakini kwa asilimia 1.4 tu ya waliopimwa kwa njia za kawaida.

Je, si afadhali kila mgonjwa apewe dawa kali ya kuzuia damu isigande? La. Utafiti mmoja wa mwaka 2018, uliohusu wagonjwa 7,213, ulionyesha kwamba dawa ya namna hiyo haikuzidi aspirini katika kuzuia kiharusi kipya, bali iliongeza hatari ya kutokwa na damu. Hivyo ni lazima kuwachagua wanaoihitaji.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Katika njia iitwayo ujifunzaji wa kina, kompyuta haipewi kanuni za kufuata. Huonyeshwa mifano mingi, hukisia jibu, husahihishwa, kisha hurekebisha hesabu zake yenyewe. Mwaka 2019 wataalamu wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza matokeo yaliyotokana na michoro karibu 650,000 ya watu karibu 181,000. Michoro yote ilionyesha mapigo ya kawaida, ila baadhi ya watu hao waligunduliwa kuwa na mpapatiko wakati mwingine. Ilipopewa michoro isiyopata kuiona, kompyuta iliwatambua asilimia 79 ya wenye maradhi, na asilimia 79.5 ya wasio nayo.

Tarakimu hizo zafaa kupimwa kwa hesabu. Tuseme kati ya wagonjwa 1,000, mia moja wana mpapatiko uliojificha. Kompyuta itawaonyesha 79 kati yao na kuwakosa 21. Lakini kati ya 900 wasio na maradhi, itawashuku bure wapatao 185. Basi katika washukiwa 264, wagonjwa halisi ni kama watatu katika kila kumi.

Kwa sababu hiyo, jibu la kompyuta pekee halitoshi kumwanzishia mtu dawa. Faida yake ni kuonyesha nani achunguzwe kwa miezi mingi, hasa mahali ambapo vyombo vya uchunguzi ni vichache na ghali.