Sanduku la Katuni Katika Mirathi



Mwezi uliopita tulipanda treni kutoka Mombasa kwenda Nairobi, tukiwa tumeitwa na jamaa wa marehemu mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale aliyehamia huko katika ujana wake na mauti yakamkuta huko. Familia yake inakaa karibu na Adams Arcade, kwenye barabara ya Ngong. Ni lile jengo la maduka lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuitwa kwa jina la mwenyewe, Abdul Habib Adam. Ukivuka nyuma yake unaingia soko la Toi, na humo mna kila kitu kilichowahi kuvaliwa na mtu mwingine.

Kazi tuliyoitiwa ilikuwa ya kawaida, nayo ni kugawa mirathi. Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki. Hesabu kama hiyo hata mwanafunzi wa madrasa anaiweza: mali inakatwa mafungu 40, mjane akapewa 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Tuliandika gari kuukuu, fedha za benki, vyombo vya nyumba. Ndipo likaletwa sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda.

Marehemu alikuwa mchoraji wa katuni. Kwa miaka mingi aliuzia magazeti hadithi za picha, akilipwa kwa kila kazi aliyopeleka, kisha akirudi mwisho wa mwezi kudai karatasi zake. Mjane alitueleza kwamba watu wa gazetini walikuwa wakimcheka. Mchoro ukishapigwa picha na kuchapwa, nani tena ana haja nao? Wachoraji wenzake aghalabu waliziacha zao hukohuko, zikafungiwa vitu au zikatupwa. Yeye alizirudisha nyumbani ndani ya bahasha, akazipanga kwa tarehe.

Tulihesabu karatasi 240.

Tunakiri kwamba kalamu yetu ilikuwa imekwisha kuandika: "Sanduku moja la makaratasi, thamani hafifu." Mwana mkubwa aliridhia. Alikuwa na sababu, kwa maana ada za shule za watoto wake zilikuwa zimemlemea, na alikuwa amekwisha kupata mnunuzi aliyeahidi shilingi 60,000 kwa sanduku zima, taslimu, siku ileile. Gawanya mwenyewe, msomaji, utaona kila karatasi inakwenda kwa shilingi 250. Binti ndiye aliyetuzuia. Alisema kwa adabu, macho chini, "Sheikh, naomba usiandike hilo kwanza. Baba alinifundisha kupiga mistari ya visanduku vyake nilipokuwa na miaka 9. Najua kilichomo humo."

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wanauliza sheikh ana shughuli gani na vikaragosi. Suala la kuchora viumbe lina mlango wake na wanazuoni wamelizungumza kwa urefu. Siku ile hatukuitwa kwa hilo. Tuliitwa kupima mali. Na mwenye kupima mali asiyoijua huwadhulumu warithi hata kama mahesabu yake ya mafungu ni sahihi.

Basi tukaomba siku tatu, na kupitia binti tukamtafuta mjuzi. Alikuja mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uchoraji magazetini, akaketi sakafuni pamoja nasi, akazitoa karatasi mojamoja. Alitufunza kuziangalia. Huu hapa ni mstari wa penseli ya buluu, ambao kamera ya kiwandani haikuwa ikiuona. Huu ni wino mweusi uliopitishwa juu yake kwa kalamu ya ncha na brashi. Hapa pana rangi nyeupe iliyofunika kosa, na hapa kipande cha karatasi kimebandikwa kwa sababu mhariri alitaka maneno mengine. Chapa ya gazetini haina hata kimoja kati ya hivyo. Chapa zilikuwa maelfu. Karatasi hii ni moja tu duniani.

Kisha akatusimulia mambo ya kazi hiyo. Katika gazeti la Taifa Leo, Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha nchi kwa miongo mingi. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, na vijana wengi wa kalamu wakapata mahali pa kuanzia. Frank Odoi, aliyetoka Ghana na kuifanya Nairobi kuwa kwao, alitupa Akokhan. Alifariki mwaka 2012 katika ajali ya matatu. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza na gazeti la Nation mwaka 1992. "Hawa wote majina yao yanajulikana," mzee alisema. "Sasa niulize karatasi zao za mkono ziko wapi." Hatukumuuliza, kwa kuwa uso wake ulikwisha kujibu.

Ng'ambo mambo yamekuwa mengine kabisa. Mwezi Januari 2021, jijini Paris, uliuzwa mnadani mchoro ambao Hergé wa Ubelgiji aliuchora mwaka 1936 uwe jalada la kitabu cha Tintin kiitwacho The Blue Lotus. Mchapishaji aliukataa wakati ule kwa kuwa rangi zake zingegharimu sana kuchapwa. Inasemekana Hergé alimpa mtoto wa mchapishaji, naye akaukunja na kuutia mtotoni mwa meza, na alama za mikunjo zipo mpaka leo. Uliuzwa kwa takriban euro milioni 3.2 pamoja na ada za mnada. Mwaka uliofuata, huko Dallas, Marekani, ukurasa mmoja wa wino wa hadithi ya Spider-Man, uliochorwa na Mike Zeck katika miaka ya 1980, ulifikia dola milioni 3.36. Mnada wake ulianzia dola 330,000.

Hapo mwana mkubwa aliinua kichwa, na nyuso za wote zikabadilika. Mzee akaona, akaipooza hamu ile upesi. Alisema bei hizo ni za vitu vinavyojulikana na mamilioni ya watu, na wanaonunua ni watu waliosoma vitabu hivyo utotoni ambao leo wana fedha za kuununua utoto wao. Tena, jalada lina bei yake na ukurasa wa ndani una bei yake; ukurasa ambao mhusika anaonekana mara ya kwanza ni mbali na ule anaofungua mlango tu. Na jambo la tatu, wachoraji wengi siku hizi huchora kwenye kompyuta, hakuna karatasi inayobaki. Kwa hiyo zile za zamani haziongezeki, zinapungua tu, kwa maji, kwa mchwa na kwa watu kama sisi tunaoandika "thamani hafifu".

Hayo ya kupungua yaliwahi kuwapata hata Wamarekani. Jack Kirby, aliyechora mashujaa wengi wa kampuni ya Marvel, aligombania kurasa zake kwa miaka. Alizorudishiwa mwaka 1987 hazikuzidi sana 2,000, ilhali alikuwa amechora zaidi ya 10,000. Na vijana wawili waliombuni Superman waliuza haki zake mwaka 1938 kwa dola 130. Ile hundi waliyolipwa, karatasi ya benki tu, iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000.

Nairobi je? Minada ya sanaa ya Afrika Mashariki ilianza hapo mwaka 2013, na michoro ya rangi kwenye turubai imepata wanunuzi wa maana. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, alikusanya sanaa tangu zamani, na mkusanyiko wake leo unaonekana katika Nairobi Gallery. Lakini karatasi za katuni bado hazijapata soko la kusemwa. Mzee alikataa katakata kutaja bei ya sanduku. Alichosema ni kwamba mtu anayekimbilia kulipa taslimu siku ileile, bila kuomba hata kufunua kifuniko, anajua jambo ambalo muuzaji halijui.

Tulijifunza jambo jingine ambalo wenye wasanii katika familia zao inawapasa kulishika. Karatasi ni mali moja, na hakimiliki ya kilichochorwa ni mali nyingine. Anayenunua karatasi hanunui ruhusa ya kuchapa vitabu wala fulana. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kufa kwa msanii, na kwa marekebisho ya mwaka 2019 msanii au warithi wake wana haki ya asilimia 5 ya bei mchoro unapouzwa tena kibiashara. Aliyekuwa mwajiriwa wa mshahara huenda haki hiyo ilikuwa ya mwajiri. Marehemu wetu alilipwa kwa kazi, na mjane alikuwa na barua za kuthibitisha. Mnunuzi yule alikuwa ameleta karatasi ya kutiwa saini isemayo "na haki zote". Maneno matatu tu, tena kwa herufi ndogo.

Ikabaki kugawa. Kwa idadi ni rahisi: mjane 30, wana wa kiume 84 kila mmoja, binti 42. Lakini karatasi hazilingani, na hadithi moja ina karatasi kumi na mbili. Ukiitawanya kwa watu wanne umeiua. Tuliwashauri waliache sanduku katika ushirika, mafungu yakiwa yaleyale 40, na chochote kitakachopatikana kigawanywe kwa mafungu hayo. Mwana mkubwa alinyamaza kitambo. Akasema, "Sheikh, ada za shule hazingoji soko likue." Alisema kweli, wala hatukumlaumu. Ndugu yake mdogo alijitolea kumkopesha ada za muhula mmoja, tukaliandika deni hilo na mashahidi wawili, na tukaandika pia kwamba yeyote atakayetaka kutoka katika ushirika atawauzia kwanza wenzake, kwa bei itakayopimwa na mjuzi.

Mjane aliomba karatasi moja tu aikate katika fungu lake. Imechorwa baraza ya Mji wa Kale, wazee wanne wamekaa na kahawa. Nyuma yake, kwa mwandiko wa marehemu, pana hesabu ya kodi ya nyumba ya mwezi ule na neno "unga". Wote waliridhia.

Tulifuta mstari wetu wa kwanza na kuandika: "Michoro ya mkono 240, imeorodheshwa kwa tarehe, thamani itapimwa." Binti ameliinua sanduku kutoka sakafuni na kutia karatasi safi baina ya kila mchoro na mwenziwe. Tulipokuwa tukifunga mkoba wetu kurudi Mombasa, simu ya mwana mkubwa ililia mara mbili. Aliitazama namba, akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.