Sura ya 5: Panya Kupona Si Mtu Kupona

Sokoni Wang'uru hukosi muuza dawa mwenye chupa ya maji ya kijani na maneno haya: "Imejaribiwa kwa panya, inamaliza kisukari." Mgonjwa anaacha vidonge vyake, sukari inapanda, anaishia hospitali. Huenda jaribio lilifanyika kweli. Kumaliza kisukari ndio uongo. Nitaeleza hatua tatu: panya anavyougushwa, anavyopimwa, na dozi inavyohesabiwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wamejaribu mimea kadhaa ya kwetu, mucege ukiwamo, kwa panya weupe waliodungwa aloksani. Kemikali hiyo huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ni kazi halali na yenye faida. Lakini wagonjwa wetu wengi wana kisukari cha aina ya pili: insulini ipo, mwili hauiitikii. Panya wa aloksani haugui hivyo.

Kupima nako kuna adabu yake. Panya hula usiku. Ukimnyima chakula usiku kucha anakonda na ini linaishiwa akiba ya sukari. Kwa hiyo hufungishwa kwa muda wa saa 5 au 6, mchana. Ncha ya mkia hutobolewa, tone la damu likapimwa. Kisha hupewa glukosi, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, na kupimwa tena dakika ya 15, 30, 60 na 120. Kumkamata kwa pupa kunatosha kuipandisha sukari, ndiyo maana huzoezwa kushikwa kabla. Pasipo kundi la kulinganishia, lisilopewa dawa, matokeo hayana maana.

Kabla ya dozi, sina budi kutoa mfano wa panya kupona na mtu asipone: panya mnene aliyepatikana 1949 katika maabara ya Jackson, Marekani. Baadaye mtafiti Douglas Coleman alimshona panya wa ukoo huo ubavu kwa ubavu na panya wa kawaida, damu zao zikachanganyika. Yule mnene akapunguza kula. Basi damuni mlikuwa na kitu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wakaipata jeni yake, na homoni ikaitwa leptini. Dunia ikangoja sindano ya leptini ya kukondesha kila mtu. Haikuja, kwa sababu watu wanene wengi tayari wana leptini tele. Leptini imewafaa wachache mno, kama waliozaliwa bila homoni hiyo. Ikiwa ugunduzi mkubwa hivyo ulikwama kwa binadamu, chupa ya sokoni ina dai gani?

Kuhusu dozi: panya akipewa miligramu 100 kwa kilo, watu humpigia mtu wa kilo 60 miligramu 6,000. Ni kosa la hatari. Mwili mdogo huchoma vitu upesi, hivyo wataalamu hugawanya kwa takriban 12, wakapata kama 500, kisha hupunguza tena kwa ajili ya usalama.

Muulize muuzaji: ilijaribiwa kwa watu wangapi, kwa kipimo gani, dhidi ya kundi lipi? Akikosa jibu, usinunue, na dawa ya kliniki usiiache.