Mtoto Anayeziba Masikio

Je, una mtoto anayelia na kuziba masikio mashine ya posho ikiwashwa sokoni, lakini kwaya ikiimba kanisani hataki kutoka? Usimchape. Huenda si ukaidi.

Sababu ni nyingi. Mojawapo ni sindromu ya Williams, iliyoelezwa na madaktari mwaka wa 1961. Mtoto huzaliwa akikosa kipande kidogo cha kromosomu ya 7, inayobeba urithi wa mwili. Si laana wala kosa la mama. Hukawia kutembea na kujifunza, lakini huchangamkia hata wageni. Sauti iliyo ya kawaida kwako, kwake yaweza kuumiza masikio. Hata hivyo, wengi wao hupenda muziki mno.

Ufanye nini? Mwambie mapema kwamba kelele inakuja, au msogeze mbali. Mfundishe kwa nyimbo: kuhesabu, kuvaa, kunawa mikono. Zaidi ya yote, mpeleke hospitali apimwe moyo, kwani mara nyingi mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni huwa mwembamba. Usingoje aanze kuishiwa na pumzi.