Mzimu si pepo, na kushtuka si kuogopa

MAJUZI nilikuwa Kitale kwa shughuli za familia. Usiku mmoja mvua ilinyesha kweli kweli, stima zikapotea, na mpwa wangu akaona hiyo ndiyo fursa ya kuwaonyesha wenzake filamu ya kutisha kwenye kipakatalishi kilichokuwa bado na chaji. Nami nikapewa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima.

Filamu yenyewe ilikuwa Paranormal Activity. Walioitazama wanajua kwamba si filamu ya fedha nyingi. Oren Peli, aliyeiongoza, aliipigia nyumbani kwake mwenyewe jijini San Diego, Marekani, kwa takriban dola 15,000. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2007, ikasambazwa kwa mapana mwaka wa 2009, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 kote duniani. Kisa chake ni chepesi. Kijana na mpenziwe wanasikia vishindo usiku nyumbani mwao. Kijana ananunua kamera, anaitegesha chumbani mwao, kisha wanalala. Sisi watazamaji tunabaki kuangalia kitanda, mlango, na saa inayohesabu kwenye pembe ya kioo.

Filamu ilipokwisha, maoni yakaanza kumiminika.

"Hii muvi haitishi hata kidogo," alisema mmoja. "Usiku kucha tunaangalia mlango!"

"Mimi nimeshtuka mara mbili tu," akasema wa pili.

Wa tatu, binti aliyesomea Dar es Salaam, akawapinga: "Jamani, imetisha!"

"Imekutisha wewe?" wakamuuliza kwa kicheko.

"La! Nasema imetisha. Ni kali. Ni noma."

Ubishi ukapamba moto. Hatimaye mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, wewe ndiye profesa wa Kiswahili. Amua."

Sikuamua papo hapo, maana niligundua kwamba vijana wale hawakuwa wakibishana kuhusu filamu pekee. Kila mmoja alikuwa na kitenzi chake, na kila kitenzi kilikuwa na kipimo chake cha hofu.

Tuanze na "kushtuka". Hili ni jambo la mwili. Mlango ukibamizwa ghafla, hata aliyeuweka mlango huo atashtuka. Kumshtua mtu hakuhitaji ufundi mwingi. Kunahitaji kimya, kisha kishindo. Ndiyo maana yule kijana wa pili aliweza kuhesabu: mara mbili, basi.

"Kuogopa" ni jambo la moyo na akili. Huanza kabla ya kishindo na hubaki baada yake. Kutokana na kitenzi hiki tumepata "kuogofya", kwa njia ile ile tuliyopata "kuponya" kutokana na "kupona" na "kulevya" kutokana na "kulewa". Siku hizi wengi husema "kuogopesha", na sioni kosa, lakini "kuogofya" ndilo umbo lenye mvi.

Je, "kutisha"? Hapa pana hazina. Kiswahili kina kitenzi cha kale, "-cha", chenye maana ya kuogopa kwa heshima. Leo kimejificha katika "mcha Mungu" na "uchaji". Jirani zetu Waganda husema "okutya" kwa maana ya kuogopa, na "okutiisa" kwa maana ya kutisha. Ukiyapanga maneno haya pamoja utaona ni watoto wa mama mmoja. Kutisha, basi, katika asili yake ni kumtia mtu uchaji, kumfanya asimame wima mbele ya kitu kinachomzidi. Kwa hiyo binti wa Dar es Salaam anaposema "imetisha" akimaanisha imefana, hajaharibu lugha. Amepita njia ya zamani bila kujua, njia inayounganisha hofu na sifa. Niliwahi kuwakosoa wanafunzi kwa matumizi hayo. Nayafuta makosa hayo leo.

Siku mbili baadaye nilishika barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha nikaingia Bungoma kumwamkua shangazi yangu. Ana zaidi ya miaka 80 na macho yake bado ni makali. Nilikuwa nimeazima ile filamu, nikamwomba tuitazame pamoja. Kwa kuwa Kiingereza chake ni kidogo, nilijigeuza DJ Afro wa sebuleni, nikawa naisimulia kwa Kiswahili jinsi anavyozisimulia yeye filamu za mapigano katika kumbi zetu za video.

"Shangazi," nikaanza, "nyumba hii ina shetani."

Akatazama kwa utulivu usionipendeza. Mlango ulisogea wenyewe, yeye akatafuna njugu. Vishindo vikaja, akanyoosha mguu. Kisha akauliza: "Mwanangu, huyu anayegonga ni nani wao? Ni babu ya msichana? Alizikwa vizuri? Mbona hawamuulizi anataka nini?"

Nikasimamisha filamu. Swali lake lilinionyesha kwamba mimi, profesa mzima, nilikuwa nimeiharibu hadithi kwa neno moja.

Katika filamu hiyo kuna mahali ambapo wapenzi hao wanamwita mtaalamu wa mambo ya wafu. Mtaalamu anasikiliza, kisha anakiri kwamba kazi yake ni mizimu, na hicho walicho nacho si mzimu. Ni pepo, na pepo huyo hakuifuata nyumba bali anamfuata msichana tangu utotoni. Hata wakihama, atahama nao. Hiyo ndiyo bawaba ya kisa kizima. Mimi nilikuwa nimewaita wote "shetani", na bawaba ikang'oka.

Kiswahili hakina umaskini wa maneno hapa. Umaskini ulikuwa wangu. "Mzimu" ni roho ya mtu aliyekufa, aliye na jina, ukoo na kaburi, na makao yake ni kuzimu. Ana madai, na madai yanaweza kusikizwa. "Pepo", neno lenye udugu na "upepo", hana kaburi. Humpanda mtu, mtu akapagawa, na dawa yake ni kupungwa. "Jini" ametujia na Uarabuni. Ni kiumbe mwenye ulimwengu wake, na wapo wema na wabaya. "Zimwi" ni jitu la ngano, lenye tumbo na njaa. "Shetani" naye ametoka Uarabuni, akapata nguvu misikitini na makanisani, na leo amewameza wenzake wote. Kila kisichoonekana tunamwita shetani.

Watu wa Bungoma wana sababu ya kuliangalia jambo hili kwa makini. Kwa Lubukusu tuna "kimisambwa", na wahubiri wengi wa zama za ukoloni waliona humo ushetani tu. Elijah Masinde aliichukua sauti hiyo hiyo na kuiweka katika jina la vuguvugu lake, Dini ya Msambwa, ambalo serikali ya kikoloni ililipiga marufuku mwaka wa 1948. Watu waliteswa kwa ajili ya neno ambalo mtafsiri mvivu angelifanya "shetani" na kuendelea na safari yake.

Nilimrudia shangazi. "Nisamehe. Si mzimu, ni pepo. Hakuzikwa popote. Anamtaka msichana, na wakihama atawafuata."

Akaziacha njugu. Akajifunga leso vizuri. "Sasa hiyo ndiyo mbaya," akasema. "Mzimu utaongea naye. Huyo utamwambia nini?" Na kijana wa filamu alipoanza kumchokoza pepo kwa maneno mbele ya kamera yake, shangazi alimkemea kwa sauti: "Wewe mtoto, unamtukana usiyemjua!" Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Shangazi alikuwa ameona kwamba hili halikuwajua wenye nyumba.

Tangu dakika hiyo, mlango ule ule uliowachosha vijana wa Kitale ulimfanya ashike mkono wangu. Picha hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni neno.

Basi wanaotafsiri filamu, kwa maandishi au kwa sauti, wasidhani kwamba hofu hutoka kwenye picha tu. Filamu ya bajeti ndogo haina majoka ya kompyuta. Inategemea mtazamaji ajue ni nini kilicho gizani. Bibi zetu walifanya hivyo kwa bei nafuu zaidi: moto wa jikoni, sauti, na neno sahihi.

Na nyumba yenyewe tuiiteje? Wapo wanaosema "nyumba ya mashetani". Mimi napenda usemi wa pwani: "nyumba ina wenyewe." Ni usemi wa adabu, unaokiri kwamba wapo waliotangulia. Tunalo pia neno "mahame", makao yaliyohamwa. Kaunti ya Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya ile iliyoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, na nyumba za masetla waliohama zilibaki. Ukipita penye mahame ya aina hiyo jioni, swali la nani hasa ni "wenyewe" halihitaji filamu.

Nilipompigia mpwa wangu simu, aliuliza, "Mjomba, umeshaamua?"

Nilimwambia wote watatu walisema kweli, lakini hakuna aliyemaliza sentensi yake. Atakayesema haitishi atuambie alitarajia kumwona nani mlangoni. Atakayesema ameshtuka atuambie kama alilala vizuri. Na atakayesema imetisha atueleze kilichomtia uchaji. Hapo ndipo maoni yanapoanza kuwa uhakiki.

"Na shangazi alisemaje?" akauliza.

"Shangazi," nikamjibu, "aliniambia nisizime taa."